Iguana wa Rosalino

Kucha zikikwaruza ubao. Watu walipomwuliza Eustolia siku ile ilikuwaje, hakukumbuka kilio wala kengele ya kanisa. Alikumbuka kucha tu, ndani ya sanduku lililowekwa mlangoni pake, zikikwaruza polepole kana kwamba mwenyewe amechoka.

"Alikuwa anamfuga," alisema mwanamume aliyelileta, mwenye nyumba alimopanga Rosalino kule Salina Cruz. "Sikujua nimpeleke wapi, mama. Tangu msiba hajatia kitu kinywani."

Rosalino alikuwa mwana wa pekee wa Eustolia. Lori lilimgonga akiwa kwenye pikipiki, wakaja kumzika kwao Juchitán. Hakuwahi kumwambia mama yake kwamba anafuga iguana, yule mjusi mkubwa wa kijani. Angeanzaje? Mama mwenyewe aliuza sokoni tamali, vifurushi vya unga wa mahindi na nyama ya iguana vilivyopikwa ndani ya majani ya mgomba, tangu usichana wake, na mvuke wa sufuria ile ndio uliomkuza mtoto.

Eustolia aliinua kifuniko. Jicho moja la rangi ya dhahabu likamtazama.

"Huyu hafi," akasema. "Hafi mikononi mwangu."

Hakuna mwanamke wa soko la Juchitán asiyejua kumtunza iguana. Unamfunga miguu mgongoni, unamlaza kapuni, unamfunika gunia lililoloweshwa maji, kisha unamweka kwenye kona yenye ubaridi. Eustolia alifanya hayo bila kufikiri, kwa mikono iliyoyazoea. Mdomo tu ndio hakuushona, kama wanavyoshonwa wale wa sokoni wasing'ate. Kwake hayo yalikuwa mapenzi makubwa.

Akamkatia papai. Akamkatia embe, hata ganda akalimenya. Iguana akafumba macho.

Jioni wanawake walikuja kusali mbele ya picha ya marehemu. Obdulia, shoga yake waliyepakana naye meza sokoni, alichungulia kapuni kabla hata hajaketi.

"Makubwa! Shoga, siku hizi unalea kitoweo?"

"Nyamaza, Obdulia."

"Ninyamaze vipi na mkia wote huu? Huyu anadai pilipili na majani ya mgomba tu."

Wengine walicheka, wakaziba midomo kwa haya. Obdulia akauona uso wa mwenzake, naye kicheko kikamkauka.

"Nisamehe, dada. Ulimi wangu hauna breki."

"Ni wa Rosalino," Eustolia alisema. "Hataki kula. Anamngoja."

Tangu hapo kila aliyekuja kusali alitaka kumwona huyo anayengoja. Wakalifunua gunia, wakamgusa kichwa, wakasema maskini, wakalifunika tena. Eustolia naye akawa anaisogeza sahani yake pembeni. Wakimbembeleza ale, alisema atakula mwenzake akila. Usiseme alikuwa amechanganyikiwa. Nyumba nzima ilikuwa imeshakubali kwamba Rosalino harudi, ila wao wawili, yeye na mnyama aliye kapuni. Na mtu akipata mwenzi wa kungoja naye, kungoja hakumwelemei sana.

Lakini iguana alizidi kuwa mweusi. Mbavu zikajichora chini ya ngozi. Eustolia alimpanua mdomo kwa vidole, akamsukumia kipande cha papai. Kikatoka. Akasukuma kingine. Kikatoka, na mkia ukalala sakafuni kama kamba iliyotupwa. Ndipo alipolia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia makaburini.

Obdulia alimkuta hapo asubuhi. Alichuchumaa kando yake, akalitazama lile kapu kwa muda.

"Eustolia, hebu niambie. Sisi tukiwaweka hivi sokoni, huwa tunataka wale?"

"Hatutaki."

"Tunataka nini?"

Eustolia aliangalia gunia lililolowa, akaangalia kamba. "Tunataka watulie tu," akasema. "Mpaka kisu kiwe tayari."

Eustolia alileta wembe, akazikata kamba nyuzi kwa nyuzi, huku akipuliza pale zilipokuwa zimebana. Kisha akambeba uani, akamweka juu ya ukuta mfupi ambako jua lilikuwa limeshayapasha matofali. Obdulia alisimama mlangoni kuwarudisha wageni. "Leo salieni barabarani, jamani. Mungu anasikia hata huko."

Eustolia akakaa mbali, kwenye kivuli. Jua likapanda. Kwa muda mrefu hakuna kilichosogea. Kisha ule weusi ukaanza kuondoka kwenye ngozi, taratibu, na ukijani ukaja kuanzia shingoni, mbichi kama jani baada ya mvua. Iguana aliinua kichwa. Alitambaa hadi mwisho wa ukuta, penye kichaka cha haibiskasi, akaling'ata ua moja jekundu. Akalimeza. Akang'ata la pili.

"Anakula!" Obdulia alipiga makofi. "Tazama, dada, anakula kama bwana harusi! Sasa na wewe njoo ule, ulitoa ahadi."

Eustolia alitaka kucheka. Hiki ndicho alichokiomba usiku na mchana. Alisimama, akasogea ukutani, akayatazama mataya yale yakitafuna bila haraka, na petali likining'inia pembeni mwa mdomo. Jicho la dhahabu halikutazama mlango. Halikutazama njia. Lilitazama ua lililofuata.

Akaliinamisha tawi ili alifikie. Kisha akainama mpaka pumzi yake ikamgusa, Obdulia asisikie.

"Kumbe umeshaacha kumngoja," alimwambia.