Ngoma ya Mgeni wa Chama

Juzi, hapa mtaani kwetu Manika, niliona watoto wa shule wamepangwa juani kando ya barabara, wakiimba na kucheza huku wakimngoja mkubwa fulani.

Mimi pia nilicheza hivyo. Nilikuwa darasa la tatu, mwenye haya, na kusoma mbele ya wenzangu kulinishinda. Mwalimu akafunga kitabu changu, akasema, "We unajua kucheza. Toka inje, acha kusoma." Nikadhani ananipenda. Leo bado nasoma nikifuata kila neno kwa kidole.

Mchana ule tulicheza mpaka vumbi jekundu likajaa kooni. Mgeni wa chama tawala, tuliyekuwa tukimchezea, alikula nyama ya mbuzi, mafuta yakimtiririka kidevuni, kisha akalala kitini akikoroma. Mwalimu akatukazia macho tuendelee. Tulinuka jasho, na harufu ya nyama ilituzidishia njaa.

Jioni mama akauliza, "Leo balikufundisha nini, mutoto yangu?"

"Kucheza, mama. Mwalimu anasema najua sana."

Akaacha kusonga bukari, ule ugali wetu, mikono bado myeusi kwa makaa aliyouza. "Mi niko nabeba makala ku kichwa juu ya kulipa ile masomo. Kucheza, si ningekufundisha miye mwenyewe, hapa, bure?"

Nilicheka, nikidhani anatania, nikaanza kumchezea palepale jikoni. Hakupiga makofi.