Uzio Penye Mabomba

Habari ilinikuta karakanani na miwani ya kuchomelea usoni: yule mama msusi wa Yeoville, Mkongomani wa Lubumbashi mwenye sauti ya kuamsha ghorofa zima la Hillbrow, amefariki. Hatukuwa marafiki. Alinikaripia mara nyingi kuliko mke wangu, na mimi si mtu wa kukaripiwa. Nilifika Johannesburg kutoka Tanga na darasa langu la tano, bila jamaa wa kunipokea, na leo nina karakana, mafundi wanaoniita bosi, na safu hii mnayoisoma. Pita mtaa wa Observatory utazame mageti, mengi ni mkono wangu. Lakini leo naandika na kinyaa, na kinyaa hicho si cha marehemu.

Mama huyo alisukia Yeoville lakini aliishi kwenye karavani, nyumba ya bati yenye magurudumu, katika uwanja mmoja mashariki mwa jiji ambako kila familia ilikodi kipande cha ardhi. Mwenye uwanja, mzee mmoja, aliwakataza kufua Jumapili, na alikuwa na sheria moja ya kikatili zaidi: magurudumu yasitolewe, ili mpangaji akumbuke kwamba anaweza kuvutwa nje siku yoyote. Mzee huyo alipochoka akataka kuuza, mama msusi ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango, akiwabembeleza na kuwatukana majirani mpaka wakaungana, wakanunua uwanja mzima na kugawana viwanja, kila mtu na hati yake. Kipande kimoja tu cha katikati, penye mabomba na kamba za kuanikia, alikataa kisigawanywe. Walikubaliana kwa mdomo tu kibaki cha wote na kisiguswe bila wote kuridhia, kwa sababu wenye viwanja vya nyuma hawana maji kwao.

Siku hati zilipotoka, aliniita nije na mashine ya kukatia. Nati za magurudumu zilikuwa zimegandana kwa kutu. Nikamwonya, "Mama, nikikata, hii haitembei tena." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Papa fundi, kata! Unaogopa nini? Hakuna tena mwenye atatufukuza." Cheche zikaruka, karavani ikakaa juu ya matofali, wanawake wakapiga vigelegele. Nimefanya kazi nyingi za fahari mjini humu. Ile naiweka juu.

Eish, binadamu! Wino haujakauka, simu zikaanza: fundi, uzio; fundi, geti; fundi, niwekee mrefu kuliko wa jirani. Watu waliokuwa wakiombana chumvi dirishani wakaanza kugombania upana wa unyayo. Wengine walijaza vibanda uani, wakaweka wapangaji, kisha wakawakataza kufua Jumapili, kama yule mzee alivyowakataza wao. Mama msusi alisimama penye mabomba akiwasema: "Muko bantu ya namna gani? Munafukuza mwenye udongo, kisha munakuwa yeye!"

Turubai la msiba wake lilifungwa hapohapo penye mabomba, maana ndipo mahali pekee palipobaki pa kukaa watu. Mwili haujatoka mochwari. Nimeshika sahani yangu ya wali, jirani mmoja, Mswahili mwenzangu wa Dar, akanisogelea na kuninong'oneza: "Kaka, hapa tukigawana, uzio wa katikati utatuwekea lini?"

"Na waliokataa?"

"Aliyekataa si ndiye tunayemzika? Hawa wa nyuma watasaini tu, hawapendi kelele."

Nikaweka sahani chini. Mimi sijasoma, lakini sinong'oni. Nikasimama, nikayarudia maneno yake kwa sauti mbele ya wafiwa wote. Mama mmoja wa viwanja vya nyuma, aliyekuwa akiosha sufuria za msiba, akamgeukia: "Na sisi tutachota wapi, jirani?"

"Dada, tutaongea baada ya mazishi," akajibu, akaendelea kula. Akaendelea kula!

Waliongea kweli. Wa nyuma walisaini kwa kuchoka kusemwa. Mimi nilikataa kazi ile, akaletwa fundi mwingine, na mchomeleo wake hata haufai kutazamwa. Sasa mabomba yako ndani ya uzio wa yule jirani, na mama wa sufuria anagonga geti lake kuomba maji, na geti lina saa zake za kufunguliwa. Basi nyinyi mnaojichanga kununua mlipopanga, nisikilizeni. Maji yenu yafungeni kwa mkataba wa mwanasheria, msiyaachie ubishi wa mtu mmoja jasiri. Siku atakayokufa, mtamlilia kwa jicho moja, na kwa la pili mtakuwa mnapima kiwanja.