Nyumba Nilizokagua Asubuhi

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyopigiwa makofi na watu wengi kuliko siku nyingine yoyote, na sikustahili hata kofi moja. Nilikuwa nimevaa suti ya kwanza maishani mwangu, ya kijivu, mikono ya koti imezidi kidogo. Naanzia hapo kwa kuwa mama yako ameniambia umealikwa kwenye kongamano la watu wa kutunza majengo, na ati utasoma ripoti mbele ya ukumbi mzima. Nimefurahi sana. Sasa kaa, kunywa maziwa yako ya mursik polepole, umsikilize mjomba wako.

Miaka ile ya tisini nilikuwa afisa wa majengo katika shamba moja la chai, mwendo mfupi kutoka Kericho mjini. Kazi yenyewe siku hizi ina jina refu. Sisi tulisema tu mambo ya majengo. Bomba likipasuka kiwandani, ni mimi. Stima ikipotea zahanati, ni mimi. Nyumba ya wageni, ofisi, na zile nyumba za kambi walimoishi wachumaji, zote zilikuwa juu yangu. Nilikuwa na cheti cha chuo, na nilikuwa na kiburi, sitakuficha. Chini yangu alikuwa fundi mkuu, Mzee arap Langat, mtu wa Ndanai, aliyelijua kila bomba la shamba lile. Mdomoni nilimwita Mzee. Moyoni nilimwona mtu wa nyundo tu.

Basi likaja kongamano, hotelini pale mjini, siku mbili nzima, la kuzungumzia changamoto za kazi yetu. Meneja akanichagua nikaseme juu ya nyumba za wafanyakazi. Lakini kulikuwa na jambo jingine nyuma ya hilo. Stoo yetu ilikuwa imepokea mabati mapya, na yalitosha mahali pamoja tu. Meneja akaniambia, "Kama nyumba za kambi ni nzuri, haya yanaezeka nyumba ya wageni. Kama ni mbaya, yanaenda kambini. Ripoti yako ndiyo itaamua."

Nikakagua juma zima, kila siku asubuhi. Wewe unaijua hali ya kwetu: asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa mvua. Asubuhi wachumaji wako shambani na milango ina kufuli. Mimi nilizunguka nje na karatasi zangu, nikatazama mabati kutoka chini, nikaandika nzuri, nzuri, nzuri. Mchana nilikaa ofisini viatu vikiwa safi. Arap Langat aliniambia mara moja, "Hizi nyumba uende alasiri." Nikamjibu kwamba alasiri ninaandika. Hakubishana nami, akarudi kwenye vyombo vyake.

Siku ya kwanza ya kongamano walisema watu wengi. Mama mmoja aliyesimamia majengo ya hospitali alieleza jinsi mashine zake za kufulia zilivyokufa na vipuri havipatikani. Bwana mmoja wa chuo akasema mafundi wake wanastaafu na hakuna anayefundishwa kushika nafasi zao. Walisema shida zao wazi, bila kupamba. Mimi nilipanda baada ya chakula cha mchana, nikaweka karatasi zangu za plastiki juu ya projekta, nikasema kwetu hakuna shida. "Kila paa limekaguliwa. Hakuna nyumba inayovuja." Wakati huo huo mvua ikaanza kupiga paa la hoteli, mpaka mwenyekiti akaniomba nipaze sauti. Nikapaza. Wakapiga makofi, na meneja aliyekuwa safu ya mbele akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kila msemaji alikuwa ameombwa kuja na fundi wake mmoja, kwa hiyo arap Langat alikuwa ameketi nyuma kabisa. Wakati wa chai alinijia bila kikombe mkononi.

"Umemaliza kusoma?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Na mvua haijaisha. Twende."

Nikamwambia bado kuna wasemaji. Akanishika mkono wa koti, ule uliozidi. "Hao watasema hata kesho," akasema. "Mvua haitakungoja." Sijui ni nini kilichonifanya nimfuate, maana nilikuwa bosi wake. Tukaingia kwenye pikapu ya shamba, tukaenda moja kwa moja kambini.

Alinipeleka kwa Mama Atieno, mchumaji aliyetoka upande wa ziwani, ambaye nyumba yake nilikuwa nimeiandika nzuri. Wachumaji walikuwa wamerudi mapema kwa sababu ya mvua. Alitukaribisha vizuri, akaniambia, "Usisimame hapo, bwana. Hapo ndipo panapoanza kuvuja." Nikatazama. Kitanda kilikuwa kimevutwa katikati na kuinuliwa kwa mawe. Sufuria huku, karai kule, beseni mlangoni. Vitabu vya shule vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, vimetundikwa msumarini. Mtoto mdogo alikuwa amelala, amefunikwa kwa ile plastiki ambayo mama yake huifunga kiunoni akichuma chai, na kifua chake nilikisikia kikikoroma nikiwa nimesimama.

Nikauliza swali la kijinga. "Mbona hukuniambia?"

Akamwaga karai nje kwanza, ndipo akanijibu. "Ulipita asubuhi. Jirani alikuwa mgonjwa, amebaki ndani, akakuona kupitia dirishani. Alisema umetazama juu, ukaandika, ukaenda. Tukasema huyu amesoma, ameona mwenyewe."

Tulipotoka, arap Langat alisimama kwenye mvua akaniangalia. Hakupiga kelele. "Mabati huzeeka, hilo haliniumi," akasema. "Linaloniuma ni kwamba watu wamekuja pale kusema shida zao, na wewe ukasimama ukaificha shida ya hawa. Sasa mabati yataenda nyumba ya wageni. Na mimi ndiye nitakayetumwa kuyapigilia."

Niliona aibu, mwanangu. Na niliogopa pia. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga huko Silibwet, na meneja alikuwa amenidokezea cheo. Lakini nikamwambia arap Langat, "Nionyeshe nyingine." Tukaingia nyumba kwa nyumba mpaka mvua ilipokatika. Zaidi ya nusu zilivuja. Suti ikaharibika, na siku zote mke wangu aliniuliza niliipeleka wapi.

Kesho yake nilimwomba mwenyekiti dakika tano. Akasema ratiba imejaa. Nikamwambia basi nitasimama hapa mbele mpaka nafasi ipatikane, na nikasimama kweli, mikono nyuma, wasemaji wawili wakapita wakinitazama. Mwishoni akachoka, akanipa.

Nikasema, "Jana niliwaambia hakuna nyumba inayovuja. Si kweli. Nilikagua asubuhi wakati wa jua, milango imefungwa, mimi niko nje. Jana jioni niliingia ndani mvua ikinyesha. Zaidi ya nusu zinavuja, na kuna mtoto mgonjwa ndani ya nyumba niliyoiandika nzuri." Meneja hakuinua uso. Kisha yule mama wa hospitali akanyoosha mkono akasema, "Hata mimi wodi zangu hukaguliwa asubuhi." Na yule bwana wa chuo akasema mabweni yake hukaguliwa wanafunzi wakiwa likizo. Mwenyekiti akaiweka ratiba kando, na tukazungumza hilo mpaka jioni.

Cheo kilienda kwa mtu mwingine. Meneja aliniambia nimemwaibisha, na nikakaa kiti kile kile miaka mingi. Lakini maneno yale ukumbi mzima ulikuwa umeyasikia, meneja hakuweza tena kuyaficha, na mabati yakaenda kambini. Nilipanda ngazi mwenyewe, arap Langat akapigilia, mimi nikashikilia. Siku tuliyomaliza nyumba ya Mama Atieno mvua ilikuja saa tisa kama kawaida. Nikamkuta amekaa kitandani katikati ya nyumba, mtoto mapajani, anatazama juu. Akaniambia, "Sijui nifanye nini na mikono yangu, bwana. Hakuna cha kumwaga."

Kwa hiyo, mwanangu, nenda kongamano, na uvae vizuri. Lakini usiende kuonyesha kwamba kwako hakuna shida. Jengo likague saa linapofanya kazi ngumu, na uingie ndani, usalimie, uketi, umuulize anayelala humo. Fundi wako akikwambia neno, weka kalamu chini ulisikilize. Na ukishakosea mbele ya watu, usisahihishe pembeni kwa kunong'ona. Rudi mbele ya watu wale wale useme, hata kama ratiba imejaa.

Mungu akulinde njiani na akupe ujasiri wa kusimama. Paa lako lisivuje, na la yeyote aliye chini ya mkono wako lisivuje. Na siku utakapopigiwa makofi usiyostahili, Mungu akuletee mtu wa kukushika mkono wa koti akwambie twende, nawe uwe na akili ya kumfuata.