Mshindi Habanduki: Nilivyonusurika Kukatwa Kidole Gumba

Mimi ni Zena, msusi wa nywele, mzaliwa wa Ujiji. Nasimulia haya nikiwa na vidole vyangu vyote, na namshukuru Mungu kwa kila kimoja, maana kimoja kilikuwa njiani kuniaga.

Kabla ya kuugua nilikuwa na mikono myepesi. Asubuhi nasuka, jioni nakwenda Bangwe kwa kaka Bakari, mwenye kibanda cha gemu. Gemu tuliyoipenda ni ile ya mapigano inayokusanya wahusika kutoka gemu nyingine nyingi na kuwapambanisha juu ya majukwaa yanayoelea. Unampiga mwenzako mpaka arushwe nje ya jukwaa, na akishindwa kurudi, amekwisha. Kuruka, kukinga, kukwepa, yote hayo ni kazi ya gumba. Wavulana walikuwa wakiniuliza, "Dada, umekuja kumsuka nani?" Nikishawarusha nje wawili watatu, maswali yanakwisha.

Pale kibandani kulikuwa na sheria: mshindi habanduki. Anayeshindwa anaachia pedi ya kuchezea, anayeshinda anaendelea na mwingine. Sheria hiyo ilimpumzisha mchezaji dhaifu. Mimi nilikuwa sishindwi. Tulipoanza kujiandaa kwa mashindano ya Kigoma mjini, nilikaa kwenye kile kiti mpaka miguu inakufa ganzi, wenzangu wakipokezana.

Maumivu yalianzia chini ya gumba la kulia, karibu na kifundo cha mkono. Mwanzoni yalinichoma nikikamua nguo tu. Kisha gumba likaanza kukwama. Nikilikunja halikunjuki mpaka nilivute kwa mkono wa kushoto, nalo linalia "ta!" Kifundo kikavimba. Nikikaza nywele za mteja machozi yananitoka, nasingizia moshi wa jiko la jirani.

Mama yangu ni mtu wa Kalinzi. Aliutazama mkono akasema, "Mwana wanje, mwanangu, hili ni jicho. Kila siku unawashinda wanaume mbele za watu, unadhani wote wanacheka kwa moyo?"

Nikaamini. Nilivyokuwa nashinda, ningekosaje wa kunionea kijicho? Akaitwa bibi mmoja jirani, akanichanja chale kwa wembe juu ya ule uvimbe, akapaka dawa, akafunga kitambaa. Alifanya kwa huruma, hata alinipulizia nisiumie. Kesho yake nikarudi kwenye kiti na kitambaa changu mkononi, nikashinda tena.

Hapo ndipo ugonjwa ulipopata mlango. Mkono ukawaka moto. Chale zikafunguka, zikatoa usaha wa njano wenye harufu. Mstari mwekundu ukapanda mpaka karibu na kiwiko. Nilitetemeka kwa homa chini ya mablanketi, na nje jua linachoma. Mama alipoisikia ile harufu hakutaja tena jicho. Alitoka mbio kuita bodaboda, akapanda nyuma yangu, akanishikilia mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja mtulivu. Aliubonyeza mkono kidogo tu, nikapiga kelele.

"Unafanya kazi gani?"

"Nasuka. Na nacheza gemu."

Nilitarajia acheke. Akasema, "Nioneshe unavyoshika." Nikamwonesha kwa mkono mzima. Akatikisa kichwa. "Mishipa ya gumba ilichoka ikavimba. Hiyo ingepona kwa kupumzika. Sasa kuna usaha ndani, lazima tupasue leo. Nikikuta pameoza, nitakata gumba ili nikuachie mkono."

Mama akasema, "Daktari, huyu anakula kwa kidole hicho."

"Najua, mama. Ndiyo maana nawaambia kabla."

Nilipozinduka, mkono ulikuwa umefungwa bandeji nene. Niliogopa kuuliza, niliogopa hata kutazama. Mama akabinya kitu juu ya bandeji. "Unasikia?" Nikasikia. Ilikuwa ncha ya gumba langu. Tukalia wote wawili, na mgonjwa wa kitanda cha pili akalia pia bila kujua kisa.

Kupona nako kulikuwa kazi. Kidonda kikioshwa, nilikuwa naung'ata upande wa kanga. Mashindano yalipita nikiwa wodini, na hilo liliniumiza kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Baadaye nikaanza kujifunza upya kubana kitambaa, kushika kijiko, kufunga kifungo. Leo gumba linakunjika nusu. Nasuka polepole, wateja wanavumilia.

Siku niliyorudi kibandani, nilishinda mechi ya kwanza na ya pili. Nikausikia mkono unaanza kuuma. Nikainuka, nikamkabidhi pedi yule yule niliyemshinda. Kibanda kizima kikanigeukia.

"Dada kaogopa!" mmoja akasema.

"Wewe nyamaza," Bakari akamjibu. "Kuanzia leo, ukishinda mara mbili unampisha mwenzako."

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru mama aliyekubali kuacha alichokiamini na kunipakia kwenye pikipiki. Nawe mwenye gumba linalokwama, usisubiri kushindwa ndipo upumzike. Usikubali wembe uguse uvimbe. Nenda hospitali mapema, na watakaosema umeogopa, waache waseme. Siku hizi mimi huinuka nikiwa bado nashinda. Moyo unaniuma, tena sana. Mkono hauniumi.