Sauti Yangu Ilisema Nisilolisema

Mwanamke nisiyemjua alinisikia nikiagiza mkate, akageuka, akaniuliza kama mimi ndiye yule wa kwenye kompyuta.

Nikatabasamu kama mjinga. Nilidhani anataka kunisifia.

"Basi sauti yako imenisimamisha kazi, mama," akasema. "Na kuna mtu nusura umzike."

Foleni nzima ikanigeukia. Mkate wenyewe niliuacha pale kaunta.

Ngoja kwanza niwaeleze kazi yangu, maana hata mama yangu mzazi haielewi.

Narekodi video za kuonyesha jinsi programu za kompyuta zinavyotumika. Unaiona skrini, unaona kishale kinatembea, na sauti ya mwanamke inakuambia bonyeza hapa, andika pale. Huyo mwanamke ni mimi. Nina diploma, nina watoto, na sina muda wa kupoteza. Video zangu ni fupi na hazina "eeh" wala "aah".

Sauti nairekodi nyumbani, ndani ya kabati la nguo, kichwa kikiwa katikati ya makoti ya mume wangu. Nguo zinameza mwangwi. Na narekodi sentensi moja moja, kila sentensi na faili lake. Kitufe kikihamishwa, nabadilisha sentensi moja tu, sirudii video nzima.

Niliuona huo ni ujanja wa maana sana. Subirini.

Kampuni ni ya wifi yangu, dada wa mume wangu. Wafanyakazi tunamwita Fupisha, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Ukimwonyesha video, fupisha. Ukimsalimia asubuhi, hata uso wake unakuambia fupisha.

Mume wangu naye yuko hapo hapo. Yeye ndiye anayekwenda kwa wateja kuwawekea programu na kuwaachia video zangu. Macho yake mabovu, miwani hataki, anasema inamzeesha.

Wifi hajawahi kunipenda, na mimi sijawahi kumbembeleza. Tukaishi hivyo.

Sasa, zahanati moja ikataka programu ya kuandika habari za wagonjwa. Programu yenyewe ilikuwa na kilema. Ukibonyeza kuhifadhi, kiduara kinazunguka, kinazunguka weee, ndipo inatokea alama ya kijani. Ukifunga kabla ya hiyo alama, ulichoandika kimekwenda na maji. Hakuna onyo, hakuna pole.

Kwa kawaida vipande vya kusubiri huwa navikata. Nani ana hamu ya kutazama kiduara? Lakini hicho sikukigusa. Nilikiacha kizunguke mpaka mwisho, na juu yake nikaweka sauti: "Usifunge. Subiri alama ya kijani."

Fupisha akaja juu. Akasema mteja ataona programu ni konokono. Nikamjibu programu ni konokono kweli, arekebishe programu, aache video. Akasema nina kiburi cha cheti. Nikamwambia kiburi nilikuwa nacho hata kabla sijapata cheti.

Akageuka akaenda zake. Mimi nikajua nimeshinda, video imekwenda kwa mteja kama nilivyoitengeneza.

Turudi kwenye foleni ya mkate.

Yule mwanamke alikuwa muuguzi wa zahanati ile. Nikamvuta pembeni, akanieleza akiwa ananitazama kama mwizi. Mgonjwa mmoja alivimba uso kwa sababu ya dawa. Muuguzi akaandika kwenye programu kwamba huyu asipewe tena dawa hiyo. Akahifadhi, akafunga. Yule mgonjwa akarudi siku nyingine, zamu ya watu wengine, wakafungua, hawakukuta kitu. Wakampa dawa ile ile. Safari hii alivimba mpaka koo.

Amepona, kwa kuponea chupuchupu. Muuguzi ndiye aliyesimamishwa, ati hakuandika.

"Ulifunga kabla ya alama ya kijani?" nikamuuliza.

"Alama gani ya kijani?" akasema. "Si wewe uliyesema, ukimaliza, funga?"

Sentensi hiyo naijua. Ni yangu kabisa. Lakini niliisema kwenye somo la kuchapisha risiti, la mteja mwingine kabisa.

Kesho yake nikamfuata Fupisha ofisini. Nikamkuta ameshajipanga. Zahanati imelalamika, mganga mkuu anakuja alasiri, na yeye ameshaamua nani wa kubeba mzigo.

"Sauti ni ya nani?" akaniuliza.

"Yangu."

"Basi na kosa ni lako. Utaomba radhi mbele ya mganga, halafu utakwenda kupumzika nyumbani. Moja kwa moja."

Nikamwangalia juu mpaka chini. Nikatoka.

Mchana nikampigia mume wangu nikamweleza yote. Nilitegemea apandishe hasira kwa niaba yangu. Akakohoa. Akasema nikubali tu yaishe, yule ni dada yake, damu nzito kuliko maji.

Nikasema moyoni, mwanaume muoga huyu. Sikufikiria zaidi ya hapo. Ndoa inatia usingizi.

Alasiri tukakaa. Mganga mkuu, mzee mwenye sauti ya chini ambayo inatisha kuliko kelele. Muuguzi pembeni yake, macho mekundu. Fupisha mwisho wa meza. Mume wangu karibu na mlango, kwa sababu yeye ndiye aliyepeleka video.

Video ikawashwa.

Mwanzo wote ni wangu. Kishale changu, cheupe, kidogo, kinatembea taratibu na kusimama kabla sijasema neno. Ndiyo kanuni yangu, kishale kitulie kwanza, maneno yafuate. Jina la mgonjwa. Dawa. Kitufe cha kuhifadhi.

Halafu kiduara kikazunguka kidogo tu, pap, kikakatwa. Sauti yangu ikasema: "Ukimaliza, funga."

"Umesikia?" Fupisha akamwambia mganga. "Anakiri mwenyewe."

Nikaomba irudishwe nyuma. Fupisha akasema hakuna haja. Mganga akasema irudishwe.

Nilikuwa namtafuta Fupisha ndani ya ile video. Niliapa lazima ameacha alama, na nitamvua nguo mbele za watu.

Kikafika kile kipande. Nikasimamisha picha.

Kishale kilikuwa kimebadilika.

Hakikuwa cheupe tena. Kilikuwa cheusi, kinene, kikubwa kama kidole gumba, kinapapasa huku na huku kukitafuta kitufe cha kufunga.

Kishale cha namna hiyo nimekiona sehemu moja tu duniani. Kwenye kompyuta ya nyumbani kwangu, ukifungua upande wa mume wangu. Alikikuza hivyo kwa sababu hakioni. Nimemtania nacho miaka.

Nikageuka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mganga akauliza, kwa upole, "Unamjua aliyefanya hivi?"

Fupisha akawahi. Akanikazia macho. "Wifi. Ya nyumbani yaishie nyumbani."

Nikamtazama muuguzi. Naye ana nyumba. Naye huenda ana watoto. Nyumbani kwake hayajaishia.

"Mikono iliyokata na kurekodi upya kipande hiki ni ya mume wangu," nikasema. "Aliyemtuma ni dada yake. Sauti wameichukua kwenye kompyuta ya nyumbani kwangu, mimi nikiwa nimekwenda kuchukua watoto shule."

Mume wangu akanyanyua uso. "Mama watoto, dada alisema ni kufupisha tu."

"Basi umefupisha."

Mganga akasimama. Akamwambia muuguzi wake waende, kesho ana zamu. Mama wa watu akalia palepale, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Akanipa mkono kabla hajatoka. Kwa Fupisha zahanati haikurudi tena.

Mimi pia sikurudi. Siku hizi nawarekodia wengine, na mafaili ya sentensi nayafungia kwa neno la siri ambalo hakuna wa ukoo ule anayelijua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikuwa narekodi katikati ya makoti yake.

Ninyi mnaofanya kazi hii, nisikilizeni. Kata kikohozi, kata kigugumizi, kata maneno ya kujaza nafasi. Kipande ambacho mtu akikikosa ataumia, hicho kiache kirefu hata bosi apasuke. Na ukiwapa watu sauti yako vipande vipande, usishangae wakikushonea nguo ambayo hukupimwa.

Mnauliza kuhusu mume. Miwani amenunua. Kila siku anauliza kama nimemsamehe.

Nimemwambia bado kiduara kinazunguka. Asifunge. Asubiri alama ya kijani.