Mtani Aliyemwosha Mkaguzi

Mimi hasira zangu ni za karibu, na jeshi halikuzitibu, liliziongezea sauti tu. Nilipostaafu nikiwa sajenti niliona nirudi Tabora kufanya nini, nikajenga Kihonda, nikapata kazi ya kusimamia walinzi kwenye ofisi za mfuko mmoja wa uwekezaji mjini Morogoro. Walimu, manesi na askari wastaafu walikuwa wameweka kiinua mgongo chao humo. Na mimi nilikuwemo, mjinga mwenzao.

Pale getini nikapata mtani. Alikuwa mkaguzi wa hesabu wa mfuko, Mluguru wa kule juu kabisa, kijiji cha misheni ambako watu hulima kabichi kwenye mteremko. Wanyamwezi na Waluguru ni watani toka enzi za mababu, kwa hiyo kati yetu hapakuwa na bosi wala mlinzi. "Nyie mashamba yenu yamesimama wima," namwambia, "mkidondoka mnaangukia kwa jirani." Naye: "Fungua geti, mpagazi. Babu yako alibeba meno ya tembo mpaka pwani akalipwa shanga." Ni yeye peke yake aliyeweza kunitukana asubuhi na mapema nikafurahi.

Siku moja hakutania. Aliniomba nimsindikize Dumila, kwa kuwa alikuwa na hofu, na mimi ni askari. Mfuko ulikuwa umekopesha mabilioni kijengwe kiwanda cha kukoboa mpunga huko, na kwenye makaratasi kiwanda kilikuwa kinafanya kazi. Tulikuta uzio wa mabati, kibao, na mbuzi. Basi. Mzee aliyekuwa akiwachunga alituambia bila kuficha kwamba kiwanja ni cha shemeji yake mkurugenzi wetu. Mtani wangu akapiga picha kwa simu.

"Mtani, hela zenu zote zinakula majani hapa," akasema.

Jumatatu angepeleka ripoti Dar es Salaam. Nikamwambia asimwonyeshe mtu yeyote kabla ya hapo. Akasema ameshamwandikia mkurugenzi, maana ndio utaratibu, anayekaguliwa hupewa nafasi ya kujieleza. Utaratibu! Nilimtukana njia nzima mpaka koo likakauka, na yule bwana akawa anacheka tu.

Jumamosi wakamkuta mtoni, chini ya njia ya kupandia kwao. Ikasemwa ameteleza kwenye mawe. Mtu aliyezaliwa juu ya mawe yale, ateleze!

Kwa desturi ya kule, mtani ndiye anayefanya zile kazi ambazo ndugu hawaziwezi kwa uchungu. Nikaitwa kuosha maiti. Tulikuwa wawili, mimi na mjomba wa marehemu, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo. Nilipofika kwenye mikono nikasimama. Vifundo vyote viwili vilikuwa na michubuko ya kamba, imezunguka pande zote. Nimewahi kuona mikono iliyofungwa, sitaki kusema wapi. Na jiwe la mtoni halimfungi mtu kamba.

"Mjomba, unaona?"

Aliona. Akachukua shati jeupe la mikono mirefu, akamvika, akafunga vifungo vya mikononi kimoja kimoja. Nje mkurugenzi alikuwa amefika na jeneza lenye kioo, magunia ya mchele, na ahadi ya kuwasomesha watoto wa marehemu mpaka chuo kikuu.

"Aliyekufa amekufa, mtani," mjomba akasema taratibu. "Hawa watoto nitawasomesha kwa kabichi?"

Nilitaka kumkaba yule mzee, Mungu anisamehe.

Nikajiambia nitasema kaburini, mbele ya padri na kijiji kizima, wasiweze kuendelea kuzika. Jamani, nilisahau mimi ni nani pale. Jeneza lilipoanza kusogezwa nikaruka ndani ya kaburi, nikasimama katikati.

"Hazikwi mtu hapa!" nikapiga kelele. "Mtani wangu hakuteleza! Ameuawa! Alifungwa kamba mikono, na aliyemuua yupo hapa amevaa suti!"

Kijiji kikaangua kicheko. Akina mama waliokuwa wakilia tangu alfajiri walishikana mabega wakicheka. Maana hiyo ndiyo kazi ya mtani, kugoma kaburini, kuzua maneno, kuwakashifu wakubwa, mpaka apewe chochote atoke.

"Mnyamwezi huyo ana njaa!"

"Mpeni chake atoke!"

Kadiri nilivyolia ndivyo walivyonisifu kwamba naijua kazi. Nikaapa kwa marehemu mama yangu, wakapiga vigelegele. Mkurugenzi naye akacheka. Akaja mpaka ukingoni, akainama, akanitilia noti ya elfu kumi kwenye mfuko wa shati. "Haya mtani, tupishe tumpumzishe mwenzetu." Alikuwa ananukia manukato. Nikavutwa mikono, askari mzima, nikatolewa, na mtani wangu akashushwa.

Jumatatu nikaenda polisi. Afande wa zamu aliniamkia shikamoo, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akatoa simu yake.

"Mzee, huyu si wewe?"

Ndimi, nimo kaburini, watu wanacheka, na noti inaingia mfukoni. Video ilikuwa imeshasambaa. Nikamwambia wafukue, waone mikono. Akasema ombi la kufukua lianze kwa ukoo, nikamlete mjomba. Mjomba!

Kazi nikafukuzwa wiki hiyohiyo. Simu ya marehemu haikuonekana, na nasikia huko Dumila mbuzi wamehamishwa, matofali yameshushwa. Mimi nilishinda nyumbani nikigombana na mke wangu, na redio, na kuku wa jirani.

Siku ya kuanua matanga nilipanda mlima ingawa sikutaka. Mama wa marehemu alikuwa ameketi kwenye mkeka, na kando yake yule mjomba, kaka yake. Nikamwamkia mama. Akanikalisha karibu, akawaambia watu wanyamaze.

"Mtani," akasema, "sema tena yale uliyoyasema kaburini."

Watu wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Nikasema, safari hii polepole. Kwamba hakuteleza. Kwamba alifungwa mikono. Kwamba aliuawa. Wakacheka, na kigelegele kimoja kikatoka huko jikoni. Mjomba alikuwa anatazama chini.

Mama hakucheka. Alinishika vifundo vya mikono yangu, vyote viwili, akavibana.

"Hapa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapo, mama."

Hakuniachia. Chakula kikaletwa, watu wakanawa, wakaanza kula, na yeye bado amenishika.