Swichi ya Ukutani

Dada yangu tulimwita Rula tangu shuleni, kwa sababu hakuweza kuona mstari umepinda akanyamaza. Ukubwani akawa mchoraji wa ramani za nyumba. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa wazazi, akapewa chumba kilichokuwa stoo. Alikipaka rangi, akaweka meza na kompyuta, na chini ya meza kile kiboksi cheusi cha betri ambacho mafundi hukiita UPS. Umeme ukikatika, kiboksi kinapiga mlio na kuishikilia kompyuta kama robo saa, muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuizima salama.

Hakukinunua ovyo, nilikuwa naye dukani. Muuzaji alikuwa anatusifia taa zake za kijani. Rula akamwambia taa si kitu, aseme kinabeba wati ngapi. Akamtaka afungue kifuniko cha chini, aone betri imetengenezwa lini, maana betri iliyolala rafuni miaka inazeeka bila kufanya kazi. Halafu akataka kichomekwe kompyuta ya palepale dukani, waya uchomolewe ukutani.

"Dada, unanunua au unakagua?" muuzaji akauliza.

"Nakagua ndiyo ninunue. Chomoa."

Baba alikuwa mtunza stoo, mpaka akastaafu. Kwake, kitu kinachowaka bila mtu mbele yake ni mwizi. Kila usiku alizunguka nyumba nzima akizima swichi, na kiboksi cha Rula hakikusalimika.

"Baba, ukikizima ukutani hakilali," Rula alimweleza. "Kinaanza kula betri yake chenyewe mpaka iishe. Ikiisha hivyo kila siku, betri inakufa."

"Redio yangu naizima kila siku. Imekufa?"

"Redio si betri, Baba."

"Mimi nazima vitu tangu hujazaliwa, mama."

Mama alicheka, nami nikacheka. Rula hakucheka. Aliibandika ile swichi karatasi ya gundi, akaandika juu yake kwa herufi za ramani: USIZIME. Kuanzia hapo kila asubuhi aliikuta imewashwa, akaamini yamekwisha.

Na wageni wakija, baba alikuwa wa kwanza kuwapeleka hadi mlango wa kile chumba. "Huyu binti yangu anachora majumba," aliwaambia, mkono kifuani. "Kwa kompyuta!"

Miaka yote Rula alikuwa akichora kuta za uzio na vibanda vya uani. Kisha mhandisi mmoja akampa zahanati nzima, vyumba vya wagonjwa, maabara, mifereji, kila kitu. Akimaliza vizuri, alimwambia, atampa na shule inayofuata. Rula akaacha kula mezani na sisi. Siku ya kukabidhi, mhandisi akiwa ameshatoka kuja kuchukua ramani, umeme ukakatika. Kiboksi hakikulia hata mara moja. Skrini ikawa nyeusi papo hapo, na umeme uliporudi faili la zahanati halikufunguka. Nakala aliyokuwa nayo pembeni ilikuwa ya kabla ya kazi ya juma zima.

Mhandisi alikuwa mpole, nadhani hilo ndilo lililomuuma Rula zaidi. Alisema pole, akampa kazi mtu mwingine.

Rula alikipindua kiboksi, akafungua kifuniko. Betri ilikuwa imevimba kama mkate. Alipokuwa bado amepiga magoti, mama, aliyesimama mlangoni, akasema taratibu, "Baba yako huwa anaizima ile swichi ukishalala. Anakifunika na mto ule wa kochi, mlio usikuamshe. Alfajiri anaiwasha tena, anarudisha na karatasi yako, usije ukakasirika."

Mimi nimefikiria sana juu ya mto ule. Mtu asiyejua anaweza kusamehewa. Huyu alijua kwamba hatakiwi kufanya, akaamka mapema kila siku kuficha, na mbele za wageni akaendelea kujisifu.

Rula alimkuta sebuleni.

"Baba, umeniua."

"Nani kakuua? Umeme umekatika, mimi ndiye shirika la umeme?"

"Nilikuomba. Nikakueleza. Nikaandika."

"Nyumba yangu, swichi yangu. Siombi ruhusa kwa karatasi."

"Na kazi yangu?"

"Kazi gani, mama? Kazi ya kukaa?"

Sijawahi kumsikia dada yangu akipaza sauti kwa baba, na hata siku hiyo hakupaza. Alisema, "Sawa," akaenda kufunga vitu vyake. Mama akalia. Baba akafungua redio.

Sasa Rula amepanga chumba juu ya duka la mafundi cherehani. Kiboksi chake kipya kiko wazi, hakijaegemea ukuta, kipate hewa. Kompyuta na skrini tu ndivyo vinavyochomekwa humo. Fundi wa chini alipoomba achomeke pasi, alijibiwa jibu ambalo hajalisahau. Mara kwa mara Rula anachomoa waya ukutani kwa makusudi, aone betri inadumu kiasi gani. Amerudi kwenye uzio na vibanda.

Juzi baba alinituma. "Mwambie dada yako arudi. Swichi sitaigusa."

Nilimfikishia. Rula hakugeuka kutoka kwenye skrini. Alikuwa anachora choo cha nje cha mtu, kwa uangalifu uleule wa zahanati.

"Amesema samahani?"

"Hapana."

"Basi ulichokuja nacho si ujumbe," akasema, na hasira yake ilikuwa mbichi kama ya siku ile. "Kaa kama unakaa. Mimi niko kazini."

Nikakaa.